Mtu Aeleaye Hewani na Maji ya Sikio la Ndani

Swali la iwapo nafsi inaweza kujijua pasipo kuupitia mwili ni miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ya dini, na ni wachache walioliuliza kwa uwazi aliouliza nao Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037. Katika sehemu ya Kitab al-Shifa inayohusu nafsi, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa kwa mara moja akiwa mkamilifu, kisha akaachwa aelee hewani au katika utupu. Macho yake yamefunikwa asione kitu, hewa haimgusi kiasi cha kuihisi, na mikono na miguu yake imetanuliwa ili kiungo kisiguse kiungo. Je, mtu huyo atathibitisha kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kwamba atathibitisha bila shaka kuwapo kwa dhati yake, ilhali hatathibitisha kuwapo kwa mkono, mguu, moyo wala ubongo. Na kwa kuwa kinachothibitishwa hakiwezi kuwa sawa na kisichothibitishwa, nafsi ni kitu kingine mbali na kiwiliwili. Hakukileta kisa hicho kama hoja iliyofungwa kila upande, bali kama zindusho kwa mwenye uwezo wa kuuona ukweli mwenyewe, na neno la Kiarabu alilolitumia kwa zindusho hilo ndilo ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa tanbihi.

Makala haya yanashikilia kwamba tanbihi hiyo ingali na nguvu, lakini inahitaji tanbihi nyingine pembeni yake. Katika kuifunga milango ya fahamu mmoja baada ya mwingine, Ibn Sina aliuacha mmoja wazi, kwa kuwa katika zama zake hakuna aliyejua kwamba upo. Tangu Aristotle, wanazuoni walihesabu milango mitano, nayo ni kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, na hesabu hiyo ndiyo inayofundishwa hata leo katika madarasa mengi ya shule za msingi. Hisi ya mizani, yaani ile inayomjulisha mtu kwamba amesimama wima, ameinama, anazunguka au ametulia, haimo katika orodha hiyo, wala haina jina lililozoeleka katika mazungumzo ya kila siku. Lugha inalo jina la kupotea kwake tu: kizunguzungu, au kisunzi kama wasemavyo wengine. Kitu kisichotajwa mpaka kiharibike ni rahisi kudhaniwa kwamba hakipo, na hapo ndipo falsafa inapopaswa kusimama na kutazama upya.

Kiungo cha hisi hiyo kimejificha ndani ya mfupa wa pembeni mwa fuvu, ubavuni mwa koklea, yaani ile sehemu ya kusikia iliyojizungusha mfano wa konokono, na kwa ujirani huo kilidhaniwa kwa karne nyingi kuwa nacho ni cha kusikia. Katika miaka ya 1820 Pierre Flourens alikata sehemu zake ndani ya masikio ya njiwa huko Ufaransa, akaona kwamba ndege hao waliendelea kusikia lakini walishikwa na mizunguko ya kichwa na mwili wasiyoweza kuizuia. Mwaka 1861 Prosper Ménière alionyesha kwamba kizunguzungu cha binadamu kinaweza kutoka sikioni. Na kati ya mwaka 1873 na 1875 watu watatu, Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown, walifikia kila mmoja kwa njia yake maelezo kwamba ni maji yaliyomo humo yanayopima mizunguko ya kichwa. Hivyo mlango huu wa fahamu ulitambuliwa zaidi ya miaka 800 baada ya Ibn Sina, na haikuwa sadfa tupu kwamba Mach, mmoja wa waliouelewa, alikuwa mwanafizikia aliyejishughulisha pia na swali la kifalsafa la nafsi na hisi.

Umbo la kiungo hicho ni rahisi kuelezwa. Kina mifereji mitatu ya nusuduara, iliyokaa mmoja kwa mwingine kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye pembe ya chumba, nayo hupima mizunguko. Na kina vifuko viwili, utrikuli na sakuli, vyenye utando wa utelezi uliotandazwa juu yake chembe ndogo za kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya chokaa na ya makombe ya pwani, ambazo kwa uzito wake huelemea upande wa ardhi. Chini ya utando huo, na pia ndani ya kila mfereji, zimesimama seli zenye vinyweleo vilivyopangwa kwa vimo kama vidato vya ngazi. Ncha ya kinyweleo kifupi imefungwa kwa uzi wa protini kwenye kinyweleo kirefu kinachofuata, na vinyweleo vikiinamishwa kuelekea kile kirefu zaidi uzi hukazwa na kufungua tundu. Vikiinamishwa upande wa pili, uzi hulegea na tundu hufumba. Huo ndio mlango halisi wa fahamu hii, na kinachoupitia kwa wingi ni potasiamu.

Maji yanayoviogesha vinyweleo hivyo huitwa endolimfu, nayo hayafanani na maji mengine ya mwilini. Maji karibu yote yaliyo nje ya seli, damu ikiwamo, yana sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Endolimfu imeugeuza mpango huo, ikawa na potasiamu kiasi cha milimoli 150 hivi kwa lita, ilhali perilimfu, yaani maji yanayoifikia seli kwa upande wake wa chini, ina milimoli 5 hivi tu. Potasiamu hiyo imo katika hali ya ioni, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni moja na kubaki na chaji chanya. Tundu la nchani linapofunguka, ioni huingia zikivutwa na chaji hasi iliyomo ndani ya seli, na baada ya kuingia hutoka kwa upande wa chini, ambako potasiamu ni chache, kupitia chaneli za potasiamu. Chaneli hizo ni protini zilizotoboka katikati na kuuvuka utando wa seli, kila moja ikiwa na shingo nyembamba inayoikubali potasiamu na kuikataa sodiamu, ingawa ioni ya sodiamu ndiyo ndogo zaidi. Siri ya ukataaji huo ilifunuliwa mwaka 1998, pale Roderick MacKinnon na wenzake walipoonyesha umbo la chaneli ya aina hiyo kutoka kwa bakteria: shingoni mwake atomu za oksijeni zimepangwa kwa nafasi inayoifidia potasiamu kwa molekuli za maji inazozivua inapoingia, lakini ambayo kwa sodiamu ni pana mno. Kwa kazi hiyo MacKinnon alishiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 2003.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ioni inapoingia inateremka, na inapotoka pia inateremka, kwa hiyo seli inayohisi haitumii nguvu kubwa ya kwake kuipitisha. Gharama inalipwa na wengine. Kandokando yake zipo seli ziitwazo seli nyeusi, ambazo usiku na mchana huunguza nishati ya chakula ili kuichota potasiamu kutoka upande wa perilimfu na kuirudisha katika endolimfu, na mlango wa mwisho wa safari hiyo ni chaneli ya potasiamu iliyoundwa kwa protini mbili ziitwazo KCNQ1 na KCNE1. Seli nyeusi hazihisi mwendo wowote, wala hazipeleki habari yoyote kwenye ubongo. Kazi yao ni kuuweka tayari ule mteremko ambao bila huo seli zenye vinyweleo, hata zikiwa zima kabisa, zisingekuwa na la kusema.

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na usemi huo unafaa kwa hali ya mtu aliyetulia kuliko ulivyokusudiwa. Hata kichwa kikiwa hakijongei, sehemu ya matundu ya vinyweleo hubaki wazi, potasiamu huendelea kupita, na neva huendelea kupeleka misukumo ya umeme ubongoni. Vipimo vilivyofanywa kwa nyani mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha kwamba neva moja ya mfereji hupeleka kwa wastani misukumo 90 hivi kwa sekunde wakati mnyama ametulia. Kichwa kikigeuka kulia, sikio la kulia huongeza kasi na la kushoto hupunguza. Kwa hiyo ubongo haujui utulivu kwa kukosa habari, bali kwa kupokea habari mbili zilizo sawa, na ikiwa ugonjwa utaunyamazisha upande mmoja kwa ghafla, ule uliobaki husikika kana kwamba kichwa kinazunguka, na mgonjwa aliyelala kitandani huona chumba kizima kikimzunguka. Utulivu, kwa maneno ya mahakama, ni makubaliano ya mashahidi wawili wasionyamaza.

Kasi ya ushahidi huo ni kubwa kuliko mtu awezavyo kufikiri. Baadhi ya seli za mizani za binadamu, na za wanyama wengine wanyonyeshao, ndege na reptilia, zimezungukwa na ncha ya neva iliyojipanua kama kikombe, na katika nafasi nyembamba baina ya seli na kikombe hicho potasiamu inayotoka katika chaneli zilizo wazi hata wakati wa utulivu huibadilisha hali ya umeme ya neva moja kwa moja, bila kungojea kemikali za kupasha habari ambazo seli nyingine hutegemea. Msomaji anaweza kuyathibitisha matokeo yake papo hapo: akitikisa kichwa kulia na kushoto huku akiutazama mstari huu, maneno yatabaki yakisomeka, akituliza kichwa na kuutikisa ukurasa kwa kasi ile ile, maneno yatavurugika. Katika hali ya kwanza sikio limeyaamuru macho yageuke kinyume cha kichwa chini ya milisekunde 10, yaani kabla ya moja ya mia ya sekunde kupita, na mwenye macho hakuombwa ruhusa.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya dini unapatikana katika swala. Mwenye kuswali anapoinuka kutoka kwenye rukuu kuja kwenye itidali, yaani kule kusimama wima kabla ya kusujudu, kichwa chake hugeuka kwa takriban robo ya duara. Maji ya mifereji iliyosimama wima hubaki nyuma kidogo na kuvipinda vinyweleo, chembe za chokaa zilizokuwa zikining'inia upande mmoja wa utrikuli hurudi mahali pake, na macho husawazishwa ili sehemu ya kusujudia isiyumbe. Wanafikihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, wanataka katika kisimamo hicho pawe na tumanina, yaani mtu akae mpaka kila kiungo kitulie mahali pake ndipo aendelee. Si dai la makala haya kwamba sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya sikio, kwani ibada ina sababu zake na haihitaji kuombewa hati kwa fiziolojia. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kwamba utulivu ambao mwenye kuswali anauhisi kuwa ni wake, na ambao ndani yake anauelekeza moyo, umetengenezwa wakati huo huo na kazi asiyoiona. Itidali lenyewe ni neno linalotokana na mzizi mmoja na adili na uadilifu, mzizi wenye maana ya usawa wa pande mbili, na usawa wa pande mbili ndio hasa ambao masikio mawili yanaushuhudia.

Deni la utulivu huo kwa kazi isiyoonekana hudhihirika kwa uchungu pale linapokosa kulipwa. Mwaka 1957 matabibu wawili wa Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza habari za familia moja ambamo watoto wanne kati ya sita walikuwa viziwi tangu kuzaliwa na walikuwa wakizirai mara kwa mara, na watatu kati yao walifariki ghafla wakiwa bado wadogo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba moyo wao ulichelewa kurudi katika hali ya mapumziko baada ya kila pigo. Miaka 40 baadaye ilibainika kwamba ugonjwa huo hutokana na kasoro katika jeni za KCNQ1 au KCNE1, ambazo ni zile zile za mlango wa mwisho wa seli nyeusi. Moyoni, chaneli hiyo huitoa potasiamu ili msuli upumzike na kujiandaa kwa pigo linalofuata; sikioni, huitoa ili endolimfu ijae. Ikiharibika, moyo hukosa mapumziko, koklea hukosa sauti, na mara nyingi mizani nayo hudhoofika. Panya wa maabara walioondolewa jeni ya KCNE1 huzunguka na kutikisa vichwa bila kukoma. Hapana budi kukumbuka kwamba Ibn Sina alisema mtu aeleaye hatauthibitisha moyo wake. Kweli hatauthibitisha, lakini chaneli moja inaushika moyo huo na utulivu wa kichwa chake kwa pamoja, na mtoto aliyeikosa hakupata nafasi ndefu ya kuifikiri nafsi.

Baada ya hayo, mtu wa Ibn Sina anaweza kurudiwa na kuulizwa upya. Ikiwa anaelea hewani huku mvuto wa dunia ukimfikia na kuna kinachomshikilia asianguke, chembe za chokaa zitaelemea chini na sikio litashuhudia chini ni wapi. Ikiwa yuko katika utupu usio na uzito, chembe hazitaelemea popote, lakini neva hazitanyamaza, na ubongo utapokea habari ngeni, kama inavyowapata wanaanga wengi ambao siku zao za kwanza angani ni siku za kichefuchefu na kupoteza mwelekeo. Kwa vyovyote hajaachwa peke yake na nafsi yake. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Geneva mwaka 2002, wakati Olaf Blanke na wenzake, katika kumchunguza mgonjwa wa kifafa, walipopitisha umeme hafifu katika sehemu ya ubongo inayounganisha habari za mizani na za mwili: kwanza mgonjwa alihisi anazama kitandani au anaanguka kutoka juu, na umeme ulipoongezwa alijiona kutoka juu, kana kwamba anaelea karibu na dari akiutazama mwili wake uliolala. Kuelea kule ambako mwanafalsafa alikufikiri kuwa ni kuutoka mwili kulitokea kwa sababu mwili uliguswa.

Mtetezi wa Ibn Sina atajibu, na jibu lake ni la haki. Atasema kwamba hoja haikutegemea milango ni mingapi. Ukipatikana wa sita, nao ufungwe, na mtu yule atabaki akijua kwamba yupo. Atasema pia kwamba wapo watu waliopoteza mizani ya masikio yote mawili, ambao hutembea kwa kutegemea macho na nyayo na kuyumba gizani, na hakuna hata mmoja aliyeacha kusema kwamba yupo. Na yule mgonjwa wa Geneva, hata alipojiona kutoka juu, alikuwa ni yeye aliyejiona. Hoja hizo hazipingiki kwa elimu ya chaneli, na anayedhani kwamba kugundua mlango wa potasiamu ni kuikanusha roho amechanganya kueleza njia na kueleza msafiri.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo tanbihi ya kwanza huyachanganya na ambayo tanbihi ya pili huyatenga. Kutothibitisha kitu si sawa na kutokihitaji. Mtu aeleaye hauthibitishi mwili kwa sababu mwili unaofanya kazi vizuri hauonekani, kama vile misukumo 90 kwa sekunde isivyosikika kuwa kelele bali huhisiwa kuwa kimya. Kutokana na kimya hicho mtu anaweza kusema kwa haki kwamba nafsi si mkono wala mguu. Hawezi kusema kwa haki kwamba inajitosheleza. Ibn Sina mwenyewe, katika sehemu nyingine ya falsafa yake, alifundisha kwamba kuna Mmoja tu ambaye kuwapo kwake ni wajibu, na kwamba kila kisichokuwa Yeye ni cha yamkini, yaani kinaweza kuwapo au kutokuwapo, na kikiwapo kinashikiliwa na sababu muda wote kinapokuwapo. Mafundisho hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Mtu aeleaye anajijua, lakini hajielezi. Hakujiweka hewani, na asipoanguka si kwa nguvu zake.

Kwa hiyo jibu la swali lililoanzisha makala haya ni kwamba nafsi yaweza kujijua bila kuufikiri mwili, lakini nafsi ya mwanadamu aliye hai hujijua ndani ya utulivu ambao imekopeshwa. Sikio halipiti kichwa, na hakuna haja ya kulitukuza zaidi ya nafasi yake. Ila kichwa kisingejua juu ni wapi bila hilo. Anayeyajua haya hatakiwi kuacha kuuliza habari za roho, bali kuuliza bila majivuno, na kuihesabu shukrani kuwa sehemu ya kujijua. Mwenye kuswali anapotoka kwenye itidali kwenda kusujudu, chembe za chokaa hupinduka, maji hubaki nyuma na kufuata, masikio mawili huhitilafiana kisha hupatana, na paji la uso hulifikia busati bila mwenyewe kuona kizunguzungu. Na wakati wote huo, kando ya seli zinazohisi, seli nyeusi zinaendelea kuchota potasiamu.